Kima na Papa: kisa kimoja kwa watoto wa umri tofauti

Nyumbani ninao watatu, wa miaka 4, wa 8 na wa 13, na nguvu ya kusoma vitabu vitatu usiku mmoja sina. Kwa hiyo tunasoma kisa kimoja tu, maswali ndo yanabadilika. Ninachokipenda ni Kima na Papa, kile mmisionari Mwingereza Edward Steere alichosimuliwa Zanzibar akakichapisha London mwaka 1870.

Kama umekisahau: kima yuko juu ya mkuyu, matawi nusu yako nchi kavu nusu yako baharini, anamtupia papa matunda mpaka wakawa marafiki. Siku moja papa anambeba mgongoni ampeleke kwao, wakifika katikati anamwambia ukweli, sultani wetu anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu, loh, si ungesema mapema, sisi moyo tunauacha mtini! Wanarudi, kima anapanda juu, haoo, hashuki tena.

Kwa mdogo usieleze kitu. Soma kwa sauti mbili, papa nzito kima nyembamba, ukifika katikati ya bahari nyamaza umuulize sasa itakuwaje? Halafu akusimulie mwenyewe, akiweza kupanga mtini, baharini, mtini tena, inatosha kabisa. (Wangu anamjua papa wa mchuzi wa nazi tu, kwa hiyo kwanza ilibidi tumchore.)

Wa miaka 8 ndo utamu unapoanzia, maana huyu unamuuliza yale ambayo kisa hakiyasemi. Mbona papa alitoboa siri kabla hawajafika? Wangu alisema kwa sababu kima hana pa kukimbilia, baada ya muda akasema labda roho ilikuwa inamsuta, ni rafiki yake. Majibu yote mawili yapokee ila mwambie akuonyeshe ni maneno gani yamemfanya aone hivyo, asikuletee ya hewani. Muulize pia kama kima aliogopa, na amejuaje wakati hajalia wala hajapiga kelele.

Kwa mkubwa endelea mpaka kisa cha ndani, watu wengi wanakiruka na ndo kiini chenyewe. Papa anamwita kima ashuke, kima anamjibu kwani unanifanya mimi punda wa dobi? Punda huyo alidanganywa na sungura akapelekwa kwa simba, akaponea chupuchupu, akadanganywa tena akarudi, safari hii akauawa. Sungura akala moyo na masikio, simba alipoviuliza akajibiwa huyu hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo angerudi? Hapo muulize moyo maana yake nini, mbona kule mwanzo ni nyama ya dawa na huku ni akili? Na masikio je? Mwambie pia kisa hiki kimetoka mbali, kwenye Panchatantra, kitabu cha kale cha visa vya India, ni kima na mamba na anayeutaka moyo ni mke wa mamba, huku kwetu akawa sultani. Kwa nini sultani? Hapo mtakesha.

Swali moja ndo silipendi kabisa, lile la "hadithi hii inatufundisha nini?" Mtoto atakujibu mbio mbio tusiwe waongo, kwa sababu ndo jibu analopatiaga maksi. Sasa we mwambie, mbona kima kasema uongo na ndo uliomponya? Kimyaaa. Acha akae na hicho kimya, usimsaidie.

Na yule mdogo akikuuliza kima aliuacha moyo tawi gani, usiwahi kumwambia alidanganya. Siku akicheka mwenyewe pale pale kwenye hiyo sentensi ujue ashavuka, kesho yake mpe maswali ya wa miaka 8.