Kutakasa polisakaridi za bakteria wa bahari kuu bila kukata minyororo yake

Katika Pasifiki ya Mashariki, pale ambapo sakafu ya bahari imepasuka na maji ya moto yenye madini mengi yanabubujika gizani, watafiti wa Ufaransa walimpata juu ya mnyoo Alvinella pompejana bakteria aliyepewa jina Vibrio diabolicus mwaka 1997. Bakteria huyo hutoa nje ya seli yake polisakaridi, yaani mnyororo mrefu wa sukari zilizoungana, iitwayo HE800, ambayo muundo wake unakaribiana na ule wa asidi ya hayaluroniki iliyomo katika ngozi na viungo vya binadamu. Mwingine, Alteromonas infernus, aliyetolewa katika bonde la Guaymas, hutengeneza polisakaridi ya GY785, yenye matawi mengi na salfeti (vikundi vya salfa na oksijeni) kidogo. Polima hizi, yaani molekuli za minyororo mirefu, ambazo Ifremer, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa bahari, imezichunguza kwa miaka mingi, zinatarajiwa kusaidia mfupa na gegedu kujijenga upya, lakini haziwezi kuingizwa mwilini kabla ya kutakaswa, yaani kabla ya kuhakikisha kwamba uwezekano wa kijidudu kimoja kubaki hai ndani ya bidhaa hauzidi mmoja katika milioni.

Ugumu wa kazi hii unatokana na urefu wa mnyororo. Polisakaridi yenye uzito wa molekuli wa daltoni milioni moja (daltoni moja ni karibu uzito wa atomu moja ya hidrojeni) ina takriban sukari elfu tano zilizoungana, na kiungo kimoja tu kikikatika katikati, uzito unapungua kwa nusu, mnato (uzito wa kutiririka) unaporomoka, na sponji iliyotengenezwa kwa polima hiyo ili kuzishikilia seli inapoteza uimara wake. Wakati huohuo uchambuzi wa aina za sukari hauoneshi badiliko lolote, kwa sababu sukari zote bado zipo. Kwa hiyo anza kwa kupima kabla ya kutakasa: mnato wa myeyusho wa kiwango kinachojulikana, uzito wa molekuli kwa kromatografia ya kutenganisha kwa ukubwa iliyounganishwa na kipimo cha mtawanyo wa mwanga, na kiasi cha salfeti kwa GY785. Tenga pia sehemu ya fungu hilohilo ambayo haitatakaswa, uihifadhi ikiwa kavu na baridi, ili iwe kigezo cha kulinganishia baadaye.

Jambo la pili husahauliwa mno, nami naliona kuwa zito kuliko uchaguzi wa mtambo. Bakteria wote wawili ni wa kundi la Gramu hasi, yaani wenye utando wa nje juu ya ukuta wa seli, na utando huo una endotoksini, sumu ambayo huleta homa na uvimbe hata bakteria wenyewe wakiwa wamekufa. Kutakasa hakuiondoi. Joto kavu la nyuzi 250 za Selsiasi kwa dakika 30 huiharibu juu ya vioo, lakini joto hilo hilo linaunguza polisakaridi. Hivyo endotoksini lazima iondolewe wakati wa usafishaji wa awali. Kuchuja kwa utando wa kutenganisha molekuli hakutoshi peke yake, maana endotoksini hujikusanya katika mafungu makubwa yanayobaki upande uleule wa polima, na ndiyo sababu hutumika sabuni laini ya maabara kuyavunja mafungu hayo kabla ya kuchuja. Unapopima endotoksini kwa dondoo la damu ya kaa wa Limulus, ambalo huganda likikutana nayo, ongeza kiasi kinachojulikana cha endotoksini katika sampuli moja uone kama kinasomeka chote, kwa sababu myeyusho mzito huweza kuficha majibu. Kikomo kinachotumika kwa vifaa vingi vya tiba ni vizio 20 vya endotoksini kwa kifaa.

Baada ya hapo chagua njia kulingana na umbo la bidhaa. Ikiwa polima imekwisha kufupishwa kwa makusudi hadi daltoni elfu chache au makumi ya maelfu, chujio la mikromita 0.22 linatosha. HE800 ya asili huziba chujio hilo upesi, lakini inaweza kupita ikiyeyushwa hadi gramu moja kwa lita au pungufu, ikaongezwa chumvi ya kawaida ambayo huifanya minyororo yenye chaji ijikunje na mnato upungue, kisha ikapitishwa kwanza katika machujio ya mikromita 0.8 na 0.45. Pima asidi ya uroniki, ambayo ni mojawapo ya sukari za polima hii, kabla na baada, ili ujue ni kiasi gani kimebaki juu ya utando. Ukaushaji kwa kugandisha unaofuata ufanyike katika mazingira yasiyo na vijidudu, la sivyo kazi yote imepotea.

Otoklevu, yaani chombo cha mvuke wenye shinikizo, ya nyuzi 121 kwa dakika 15 haifai kwa minyororo mirefu, kwa kuwa maji ya moto huvunja viungo vya sukari. Miali ya gama ya kilogrei 25 (kipimo cha mionzi) huikata pia kwa njia ya radikali huru, yaani vipande vya molekuli vyenye ukali wa kushambulia vingine. Madhara hupungua iwapo bidhaa ni kavu, haina oksijeni na imegandishwa juu ya barafu kavu, ingawa hayaishi. Oksidi ya ethilini, gesi ya sumu inayotumika kutakasa vifaa, nayo inahitaji unyevu na hubaki ndani ya matundu ya sponji.

Kwa sponji kavu, ningependelea kaboni dioksidi iliyovuka nukta yake ya ukomo, yaani nyuzi 31 na megapaskali 7.4, ambapo hupenya kama gesi na kubeba vitu kama kimiminika bila kuyeyusha polisakaridi. Anza majaribio kwa nyuzi 35 hadi 40 na megapaskali 9 hadi 10. Kaboni dioksidi peke yake katika joto hilo huua seli hai za bakteria lakini huacha spora nyingi, yaani bakteria waliojifunga katika ganda gumu, hivyo huongezwa asidi ya peraasetiki, kiuavijidudu, kwa kiasi kidogo sana pamoja na unyevu kidogo. Hapa ndipo penye uangalifu: bila unyevu spora hustahimili, na unyevu ukizidi sponji husinyaa, huku kaboni dioksidi ikiyafanya maji yawe na pH ya karibu 3. Rekebisha unyevu kwa hatua ndogo. Mwishoni pitisha kaboni dioksidi safi ili kuondoa mabaki ya asidi, kisha shusha shinikizo polepole sana, kwa sababu gesi inayopanuka ghafla hupasua kuta za matundu. Mtambo wenyewe ukae mahali penye hewa ya kutosha, kwani gesi ikivuja inaweza kumkosesha mtu pumzi.

Katika kila mzunguko weka ndani ya sponji, mahali pagumu kufikika, vipande vyenye spora za Bacillus atrophaeus au Geobacillus stearothermophilus. Kisha vioteshe, na sampuli za bidhaa uziache katika vyakula viwili vya kuoteshea kwa siku 14. Siku hizo hizo rudia vipimo vya mnato na uzito wa molekuli sambamba na sehemu uliyoitenga mwanzoni. Mkondo wa kromatografia ukisogea kuelekea molekuli ndogo, hata kama hakuna kijidudu kilichoota, fungu hilo lisitumike, na mzunguko unaofuata upunguziwe muda au asidi kabla ya kujaribiwa upya kwa spora.