Kujiandaa kwa Uhadhiri wa Astrofizikia Ukiwa Mombasa

Kijana wa Kisauni akitangaza nyumbani kwamba anataka kusomea nyota, haikosi shangazi atakayemwomba atazamie siku njema ya harusi. Ni vyema basi kulitenganisha jambo hili tangu mwanzo: unajimu wa kubashiri si falaki, na astrofizikia ni tawi la falaki linalotumia sheria za fizikia kueleza jinsi nyota zinavyozaliwa, zinavyowaka na zinavyokufa. Mhadhiri wa fani hii kwa kawaida hutumia sehemu ndogo tu ya mwaka akiwa karibu na darubini. Siku zake nyingi hupita darasani, mbele ya kompyuta, na katika kuandika. Anayeipenda anga lakini haipendi hisabati afadhali abaki mtazamaji wa nyota wa ufuoni, jambo ambalo nalo lina raha yake.

Katika shule ya sekondari usiache fizikia wala hisabati, na ukiwa katika mtaala mpya chagua mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati). Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa shahada ya kwanza ya astronomia na astrofizikia, lakini kukosa nafasi huko hakumfungii mtu mlango. Shahada ya fizikia au ya hisabati inatosha kabisa, ilmradi uondoke ukiwa na msingi imara wa kalkulasi, aljebra ya matriki, umeme na sumaku, thermodainamiki, fizikia ya kwanta na takwimu. Mimi humshauri mwanafunzi ajali zaidi alama zake katika masomo hayo kuliko jina lililoandikwa kwenye cheti, kwa sababu wanaochagua wanafunzi wa uzamili huanza kwa kuyasoma matokeo ya somo mojamoja.

Jambo ambalo vyuo vingi havilitilii mkazo wa kutosha ni programu, na hapa ndipo mwanafunzi wa Tudor mwenye kompyuta ya kawaida anapoweza kusimama sawa na mwenzake wa Ulaya. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kisha uchukue nyota iitwayo WASP-18. Nyota hiyo ina sayari yenye uzito wa takriban mara 10 wa Mshtarii, na sayari hiyo huizunguka kwa muda usiofika saa 23. Setilaiti ya TESS, iliyorushwa mwaka 2018 kutafuta sayari za nyota nyingine, imeupima mwanga wake, na data hizo hupatikana bure kwenye intaneti. Zipakue usiku ambapo bando ni nafuu, uchore grafu ya mwanga dhidi ya muda, nawe utaona mstari uliotulia wenye mabonde madogo yanayojirudia kila sayari inapopita mbele ya nyota yake. Kina cha bonde ni karibu asilimia 1. Kipeuo cha pili cha kiwango hicho ni karibu sehemu 1 ya 10, na huo ndio uwiano wa nusu kipenyo cha sayari kwa nusu kipenyo cha nyota. Kazi hiyo humalizika kwa jioni mbili au tatu; ugumu unaanza unapojiuliza kosa la kipimo chako ni kiasi gani, na kama doa lililo juu ya uso wa nyota lingeweza kukudanganya. Dunia yetu ikipita mbele ya Jua huzuia chini ya sehemu 1 kwa 10,000 ya mwanga, kwa hiyo atakayetafuta sayari ndogo hana budi kuyajibu maswali hayo kwanza.

Kwa shahada ya uzamili, tazama kusini. Afrika Kusini ina programu ya kitaifa ya NASSP, inayofundisha astrofizikia na sayansi ya anga za juu, na taasisi ya AIMS iliyoko Muizenberg, ambayo hufundisha sayansi za hisabati kwa ufadhili. Kenya ni miongoni mwa nchi 8 za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini ya redio ya SKA, na huko Karoo, nyika kame ya Afrika Kusini, tayari kuna darubini ya redio ya MeerKAT yenye antena 64. Ndiyo maana astronomia ya redio ni njia pana kwa Mkenya kuliko nyingine nyingi. Unapomwandikia msimamizi usiyemjua, usimpelekee barua ile ile uliyowapelekea wengine ishirini. Soma makala zake mbili, taja swali moja lililobaki wazi ndani yake, kisha ambatisha ile grafu ya WASP-18 uliyoichora mwenyewe. Aya tatu zinatosha.

Katika uzamivu, chagua mada isiyokulazimu kumiliki chombo. Mfano mmoja uko jirani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Angahewa huzuia eksirei (miale ya X) zinazotoka angani zisifike ardhini, hivyo ilibidi kipimo kipelekwe juu, na mahali palipo karibu na ikweta hukipa chombo faida ya mzunguko wa Dunia. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kwa astronomia ya eksirei; orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na vipimo vyake vya Cygnus X-1, chanzo kikali cha eksirei, viliwasaidia wanasayansi kukisia kwamba pale pana shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002. Data za eksirei za setilaiti zilizofuata zimehifadhiwa katika hazina zilizo wazi, na tasnifu nzima inaweza kuandikwa kutokana nazo bila kutoka nje ya kisiwa.

Baada ya uzamivu huja miaka kadhaa ya mikataba mifupi ya utafiti, mara nyingi ugenini, na hapo wengi huchoka. Mweleze mwenzi wako mapema. Ukirudi, ngazi ni mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa, na kupanda kwake hutegemea makala zilizochapishwa, wanafunzi uliowasimamia na ruzuku ulizoleta.

Tangazo la kazi huenda likahitaji mwalimu wa fizikia tu, bila kutaja nyota, na muhula wa kwanza ukakabidhiwa umeme na sumaku kwa wanafunzi wa uhandisi. Kubali, kisha uiingize falaki kupitia mifano. Wapeleke wanafunzi kwenye feri ya Likoni na uwaambie wautazame mnazi ulio karibu na ufuo huku feri ikisogea: unahama mbele ya majengo ya nyuma yake, ilhali haujang'oka. Mwaka 1838 Bessel, mwanafalaki wa Ujerumani, alitumia hila hiyo hiyo kuupima umbali wa nyota 61 Cygni, Dunia inayolizunguka Jua ikiwa ndiyo feri yake, akapata mhamo wa karibu theluthi ya sekunde ya pembe, na digrii moja ina sekunde 3,600. Waache wakokotoe umbali wenyewe kabla feri haijafunga ng'ambo.