Makumbusho ya Lubumbashi na watoto: vitu vitatu, saa moja, kisha nje

Mtoto wa miaka sita akiingia Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, miguu yake inachoka baada ya dakika arobaini hivi. Wa miaka kumi anaweza kufika saa nzima. Anayetaka kumaliza kabati zote za vioo ni mzazi, na hapo ndipo kelele zinapoanza: mmoja analia njaa, mwingine anagusa kisichoguswa, na nyumbani hakuna anayekumbuka hata kitu kimoja. Dawa yake ni kuchagua vitu vitatu tu kabla ya kuondoka nyumbani, na kuvifunga kwa uzi mmoja. Kwa mji huu uzi huo ni shaba.

Jaribio dogo lifanyike jikoni usiku wa kuamkia ziara. Chukua kipande cha waya wa shaba kilichokaa nje mpaka kikaingia kutu ya kijani (kipande kilichotupwa, si waya wa umeme uliofungwa ukutani). Kisugue kwa nusu ya ndimu na chumvi kidogo, subiri dakika tano, kisha kioshe kwa maji. Kijani kinatoka, wekundu unabaki. Mtoto aliyeona hivyo ataelewa kesho kwa nini jiwe la kijani, yaani malakiti, lilikuwa likitiwa motoni na kutoka shaba nyekundu. Usipofanya jaribio hili utaeleza kwa maneno matupu, na maneno matupu hayamshiki mtoto.

Siku moja kabla, mtume mtu au pita mwenyewe kuuliza mambo manne: saa za kufungua, bei ya mtoto na ya mtu mzima, ruhusa ya kupiga picha, na vyumba gani viko wazi. Maonyesho hubadilishwa, na chumba ulichokiona mwaka jana kinaweza kuwa kimefungwa. Beba franga ndogondogo, maana kurudishiwa chenji ni kazi. Beba tochi, kwa sababu umeme ukikatika mchana kabati za pembeni zinakuwa giza. Penseli ziwe za kaboni, si kalamu za wino: wino ukirukia ukuta au kitu cha maonyesho hautoki. Kila mtoto apewe karatasi mbili zilizobanwa kwenye kipande cha kartoni kigumu. Begi la mgongoni livaliwe kifuani, maana mtoto akigeuka ghafla begi ndilo linalogonga kioo. Maji, karanga na vitumbula vibaki nje kwa ajili ya mapumziko.

Kwa walio chini ya miaka saba, mtu mzima mmoja asichunge zaidi ya watatu. Mwalimu anayeleta darasa agawanye vikundi vya wanane hadi kumi, kila kikundi kianzie kitu tofauti. Darasa la watoto arobaini mbele ya kabati moja lina maana kwamba thelathini wanatazama migongo ya wenzao. Epuka pia tarehe 18 Mei, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, kama unataka utulivu.

Vibao vimeandikwa Kifaransa. Visome wewe kwanza, kimyakimya, halafu sahau nusu yake. Kosa la kawaida ni mzazi kusimama mbele ya kioo na kutafsiri kibao neno kwa neno huku mtoto akitazama dari. Anza na macho: hesabu polepole mpaka ishirini bila mtu kusema, kisha uliza ameona nini. Kibao ni cha mwisho.

Kitu cha kwanza ni msalaba wa shaba, ule ambao kwa Kifaransa huitwa croisette. Mtoto atasema mara moja, "Mama, hii njo musalaba ya kanisa?" Usimkatize. Mwambie apime mikono minne kwa jicho: yote inakaribia kulingana, na mara nyingi umbo lake linafanana na herufi X. Huu ulikuwa mali na pesa. Waliouyeyusha walichimba jiwe la kijani, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa na jiwe, wakapuliza kwa mvukuto wa ngozi. Shaba huyeyuka kwenye joto la sentigredi 1085, hivyo moto wa kupikia bukari hautoshi hata kidogo, na hapo mtoto anaelewa mvukuto ulikuwa wa nini. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa katika kalibu iliyochorwa ardhini. Kazi hiyo ilikuwa ya kiangazi, mavuno yakiisha, kwa kuwa tanuri na mvua havipatani.

Ndipo uje na swali la bei. Msalaba mmoja mkubwa uliweza kununua takriban kilo 10 za unga. Waulize nyumbani kwenu kilo 10 zinakwenda siku ngapi. Hesabu hiyo inawafanya wacheke na kubishana, na ubishi wao ndio somo lenyewe. Wakubwa kidogo waongezewe habari ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, ambako wachimbuzi walifanya kazi mwaka 1957 na 1958 na kukuta makaburi ya kale yenye vyungu na shaba. Misalaba ya makaburini ilizidi kuwa midogo na kufanana kadiri karne zilivyopita, na wataalamu wanaona hiyo ni dalili ya kugeuka kuwa pesa ya kila siku. Ikiwa mtoto anaogopa habari za makaburi, pita. Hakuna kitakachopungua.

Mwisho, achore msalaba kwa ukubwa wa kiganja chake. Dakika tano zinatosha.

Kitu cha pili ni lukasa, ubao wa kumbukumbu wa Waluba. Muulize kiongozi wa makumbusho kama ipo katika maonyesho ya siku hiyo: "Papa, tunaomba utuonyeshe lukasa." Ikiwa haipo, tumia kigoda au fimbo ya kifalme ya Kiluba, kisha lukasa itengenezwe nyumbani. Ni ubao mdogo unaokaa mkononi, umebanwa kidogo katikati kama kiuno, na umejaa shanga na alama za kuchonga. Watu wa chama cha mbudye, watunza kumbukumbu za ufalme, walifundishwa kuusoma: waliushika kwa mkono wa kushoto, wakagusa shanga moja baada ya nyingine kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, huku wakisimulia habari za wafalme, safari na mipaka. Rangi, ukubwa na mahali pa shanga vilibeba maana, na msomaji tofauti aliweza kueleza habari kwa njia yake. Watoto wanapenda sana sehemu hii ya mwisho.

Ya nyumbani inahitaji kartoni ngumu ya sentimita 22 kwa 13, shanga za ukubwa tatu, punje za mahindi makavu kama shanga hazitoshi, na gundi nyeupe. Kata kartoni, bana kiuno sentimita mbili kila upande. Shanga kubwa ya katikati iwe nyumba yao. Safu ya shanga ndogo iwe barabara ya kwenda shuleni, punje moja iwe soko, nyingine iwe kwa bibi. Acha gundi ikauke kwa muda wa saa tatu. Kinachoharibu kazi hii ni haraka: mtoto akianza kusoma na kidole kabla ya kukauka, mji mzima unahama. Kwa aliye chini ya miaka mitatu usitumie shanga kabisa, anazimeza. Mchoree alama.

Kitu cha tatu ni picha ya rangi, na hapa tupunguze maneno. Mwaka 1946, mwaka uleule makumbusho yalipoanzishwa chini ya Francis Cabu, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mjini hapa iliyoitwa Hangar. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka, Mwenze Kibwanga alijaza turubai kwa mistari mifupi mingi, na Bela alitumia ncha za vidole badala ya brashi. Mbele ya picha yoyote ya aina hiyo, mpe mtoto kazi moja: atafute alama za kidole au mistari ya brashi, bila kugusa. Nyumbani pika rangi yenu: koroga nusu kikombe cha unga wa mihogo katika vikombe viwili vya maji baridi, weka motoni huku ukikoroga mpaka iwe nzito, ipoe, gawanya katika vikopo vitatu na tia rangi ya chakula. Ukiutia unga kwenye maji yanayochemka unapata mabonge.

Mkitoka nje, kamilisha uzi wa shaba. Mtafutie mtoto mahali pa wazi anapoliona bomba la moshi la kiwanda cha zamani cha kampuni ya madini ya Union Minière, baadaye Gécamines, kilichoanza kuyeyusha mwaka 1911, pamoja na mlima mweusi kando yake. Mlima ule ni mabaki ya kuyeyushia. Kiswahili kina neno la wafua vyuma kwa mabaki ya aina hiyo, mavi ya chuma, na ukilitaja utakuwa umeshinda siku kwa mtoto wa miaka saba. Tazameni kutoka barabarani tu. Simu ibaki mfukoni karibu na kiwanda, majengo ya serikali na askari. Ukipenda kununua kipande cha malakiti kwa mafundi, chagua kilichokwisha kusuguliwa na kung'arishwa. Vumbi la kukata jiwe hilo lina madhara, kwa hiyo msisimame karibu na fundi anapokata.

Bustani ya wanyama ya Lubumbashi isifanywe siku hiyohiyo. Ipe asubuhi yake, maana jua likipanda wanyama wanalala kivulini na mtoto anaona migongo tu. Mchezo wa kule ni kutafuta mkia: tumbili anao, sokwe hana. Sokwe wengi walio chini ya J.A.C.K., kituo cha kulea sokwe kilichoanza mwaka 2006, ni yatima waliookolewa kwa wafanyabiashara haramu, na kuwaona kunahitaji kuuliza mapema. Mtoto mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani, kwa kuwa mafua ya binadamu yanamwingia sokwe na yanaweza kumuua. Hakuna kurusha karanga, hata kama mzazi wa jirani anarusha. Hapo mwambie mtoto kwa nini, kwa sauti ya kutosha yule jirani naye asikie.