Namna ya Kukadiria Mawimbi na Hali ya Hewa Ufukweni kwa Wiki Zijazo

Mtu anayepanga kwenda ufukweni baada ya wiki mbili au tatu, awe ni wa kuogelea, wa kuvua kwa mshipi au wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, kwa kawaida hufungua utabiri kwenye simu, akaona picha ya jua na tarakimu ya kimo cha mawimbi, mita 1.2, mbele ya tarehe anayoitaka, akafunga akiamini kwamba shauri limekwisha. Tarakimu hiyo imeandikwa kwa herufi zilezile zilizotumika kuandika ya kesho asubuhi, nayo macho huipokea kwa imani ileile, ilhali uzito wake ni mdogo mno. Hali ya ufukwe hutokana na mambo kadhaa yasiyotabirika kwa umbali mmoja. Kujaa na kupwa kwa maji hujulikana miaka mingi mbele, mawimbi yatokayo mbali hujulikana kwa takriban wiki moja, na upepo wa palepale ufukweni haufai kutegemewa kwa undani kupita siku mbili au tatu. Kwa sababu hiyo kazi ya kukadiria huanza na kile kisichobadilika, na mengine huongezwa juu yake kadiri siku inavyokaribia.

Maji kujaa na kupwa

Chukua kwanza jedwali la maji la bandari iliyo karibu na ufukwe wako, kisha andika katika kalenda saa na kimo cha maji kwa wiki zote unazozifikiria. Jedwali hili hukokotolewa kutokana na mwendo wa mwezi na jua, wala halitegemei mawingu wala upepo, hivyo ukurasa wa mwezi ujao unaaminika sawa na ukurasa wa leo. Mahali ambapo maji hujaa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa hadi kujaa tena hupita takriban saa 12 na dakika 25, na kwa hiyo kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa kama dakika 50. Matokeo yake ni kwamba maji yakipwa saa mbili asubuhi leo, wiki moja baadaye saa hiyohiyo yatakuwa yamejaa, na wiki mbili baadaye yatakuwa yamekaribia tena kupwa. Mtu asiyejua hesabu hii huupenda ufukwe siku moja, akarudi baada ya wiki moja kwa saa ileile, akashangaa mchanga umekwenda wapi.

Weka alama pia kwenye siku za bamvua, ambazo kwa kawaida huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na kwenye siku za maji mafu zilizo katikati yake. Wakati wa bamvua maji hupanda sana na kushuka sana kwa muda uleule wa saa sita, kwa hiyo mikondo katika milango ya mwambani na midomo ya hori huwa na nguvu zaidi. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo, na ufukwe hubaki na sura inayofanana kutwa nzima.

Hapa kuna mtego mmoja unaowapata hasa wasomaji wa Kiswahili. Majedwali mengi hutumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane, na baadhi huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima, bila kuongeza tofauti ya eneo. Maandishi 06:00 maana yake ni saa kumi na mbili asubuhi, na ikiwa ni UTC huenda kwako ni saa nyingine kabisa. Hakikisha jambo hili kabla ya kunakili hata mstari mmoja.

Wiki ya pili na kuendelea

Baada ya siku kumi hivi, utabiri wa siku mojamoja huanza kupoteza maana, na wataalamu wa hali ya hewa wanakubaliana kwamba takriban wiki mbili ndio ukomo wa kutabiri hali ya siku maalumu, kwa kuwa kosa dogo katika vipimo vya leo hukua kila siku hadi likaufunika utabiri wote. Programu inayokuonyesha mvua ya saa tisa alasiri siku ya ishirini kutoka leo inakupa ama wastani wa miaka iliyopita, ama pato la modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayoiga hali ya hewa, lisilo na thamani kwa saa hiyo. Mimi huzipuuza tarakimu za namna hiyo bila huruma.

Kinachofaa kwa kipindi hicho ni kumbukumbu za majira. Tafuta wastani wa miaka mingi wa kimo cha mawimbi, mwelekeo wa upepo, mvua na joto la maji kwa mwezi husika. Hazina ya data ya hali ya hewa iliyopita iitwayo ERA5, inayotunzwa kwa usimamizi wa ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, inarudi nyuma hadi mwaka 1940. Fikiria pia dhoruba zinazolisha ufukwe wako hutokea wapi. Mawimbi makubwa yatokayo mbali huzaliwa zaidi kati ya latitudo za nyuzi 40 na 60, na dhoruba za huko huwa na nguvu zaidi katika majira ya baridi ya upande wake, yaani kuanzia Desemba hadi Februari kaskazini mwa dunia na kuanzia Juni hadi Agosti kusini. Ufukwe unaotazama kusini kwenye bahari kuu hautarajiwi kutulia Julai, hata kama anga la hapo ni jeupe na upepo umelala.

Juu ya kumbukumbu hizo unaweza kuongeza maelezo ya wiki kwa wiki yanayotolewa na vituo vikubwa vya utabiri. Haya husema iwapo wiki fulani inaelekea kuwa na mvua au upepo kuliko kawaida, wala hayataji siku. Sehemu za kitropiki hufaidika nayo zaidi, kwa sababu kuna mfumo mpana wa mawingu na upepo uitwao Madden-Julian, ambao huizunguka dunia kuelekea mashariki kwa muda wa takriban siku 30 hadi 60, ukileta vipindi vya mvua na kufuatiwa na vipindi vya ukavu.

Wiki moja kabla: mawimbi yatokayo mbali

Hapa ndipo penye utajiri, kwa sababu mawimbi ni msafiri anayeweza kuhesabiwa saa zake. Upepo ukivuma kwa nguvu, kwa muda mrefu, juu ya eneo pana la bahari, huzaa mawimbi yanayotoka katika dhoruba na kuendelea peke yake hata baada ya upepo kwisha. Mwaka 1963 mwanasayansi wa bahari Walter Munk na wenzake waliweka vituo kutoka New Zealand hadi Alaska, wakayafuatilia mawimbi ya dhoruba za bahari ya kusini yakivuka Pasifiki nzima, na yalifika yakiwa bado yanatambulika.

Tarakimu ya kutazama kwanza ni kipindi, yaani idadi ya sekunde kati ya kilele cha wimbi na kilele kinachofuata. Wengi huangalia kimo pekee, nalo ndilo kosa kubwa katika usomaji wa utabiri wa bahari. Kipindi cha sekunde 5 au 7 ni dalili ya mawimbi yaliyotengenezwa na upepo wa karibu, mafupi na yasiyo na mpangilio. Kipindi cha sekunde 12 na kuendelea huonyesha mawimbi yaliyosafiri. Katika maji ya kina kirefu, nishati ya mawimbi husafiri kwa takriban mita 0.78 kwa sekunde kwa kila sekunde moja ya kipindi, hivyo kundi la mawimbi ya sekunde 16 huenda kama kilomita 45 kwa saa, na la sekunde 10 kama kilomita 28. Dhoruba ikiwa umbali wa kilomita 4,000, mawimbi ya sekunde 16 yatafika baada ya siku tatu na robo tatu, na yale ya sekunde 10 karibu siku sita. Ndiyo maana ukiona katika utabiri kipindi kimeruka ghafla kutoka sekunde 9 hadi 17 huku kimo kikiwa sentimita 30 tu, usidhani ni kosa la uchapaji: hao ni watangulizi, na kimo kitapanda katika siku moja au mbili zinazofuata huku kipindi kikishuka polepole.

Kimo chenyewe kinahitaji tafsiri. Tarakimu inayotolewa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, na katika saa chache za kukaa majini wimbi moja linaweza kukaribia mara mbili ya kimo hicho. Tena nguvu ya mawimbi hukua kwa mraba wa kimo na kuzidishwa kwa kipindi, kwa hiyo mita 2 ni nguvu mara nne ya mita 1 kwa kipindi kilekile, na mita 1.5 kwa sekunde 14 ni maradufu ya mita 1.5 kwa sekunde 7. Zaidi ya hayo, mawimbi ya kipindi kirefu huhisi sakafu ya bahari mapema, kwenye kina cha takriban nusu ya urefu wake, ambacho kwa sekunde 16 ni kama mita 200. Hapo hupunguza mwendo, hujipinda kufuata umbo la sakafu na kuinuka zaidi yanapokaribia kuvunjika.

Mwelekeo hutajwa kwa upande ambao mawimbi yanatoka. Chukua ramani, tazama ufukwe wako unaelekea wapi, kisha angalia kama kuna kisiwa au rasi inayoziba njia. Mita 3 kutoka kusini zinaweza kufika kama nusu mita tu kwenye ghuba inayotazama mashariki, na wakati huohuo upande wa pili wa rasi pasikanyagike.

Kisha jiulize swali moja ambalo mimi naliona la thamani kuliko ulinganishaji wowote wa programu: dhoruba inayozaa mawimbi haya imekwisha kutokea, au nayo bado ni utabiri? Ikiwa imetokea, setilaiti na maboya yameshaipima, na kilichobaki ni safari tu, ambayo modeli huikokotoa vizuri. Ikiwa dhoruba yenyewe inatarajiwa kuzaliwa siku nne zijazo, unachokisoma ni kisio lililopandishwa juu ya kisio. Katika hali hiyo fungua utabiri mara moja kwa siku, uandike tarakimu ya siku unayoitaka. Zikikaa mahali pamoja kwa siku tatu mfululizo, anza kuziamini, na zikiyumba kati ya mita 1 na mita 3, usinunue tiketi bado.

Siku mbili au tatu za mwisho: upepo na mvua

Sasa ndio wakati wa upepo. Upepo utokao nchi kavu huyasimamisha mawimbi na kuulainisha uso wake, na upepo utokao baharini huyavuruga na kuyavunja kabla ya wakati wake. Penye siku za jua, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo wa baharini huanza kuinuka asubuhi ikielekea adhuhuri na kufikia kilele alasiri. Usiku hugeuka kuwa upepo wa nchi kavu. Kwa sababu hiyo saa za alfajiri na asubuhi na mapema mara nyingi ndizo zenye uso laini, hata pale utabiri wa siku nzima unapotaja wastani wa kilomita 25 kwa saa. Modeli za dunia nzima huigawa ramani katika miraba ya kilomita kadhaa kila upande, kwa hiyo kilima au ghuba ndogo haionekani kwao. Mwanzo wa povu jeupe lililotapakaa huja upepo ukiwa kama kilomita 20 kwa saa. Anayetumia boya la kujazwa upepo au ubao mwepesi aogope zaidi upepo utokao nchi kavu, kwani huifanya bahari ionekane tulivu karibu na mchanga huku ukimsukuma mtu nje.

Kuhusu mvua hakuna mengi. Asilimia 40 ya mvua haimaanishi kwamba itanyesha kwa asilimia 40 ya siku, bali ni uwezekano wa kunyesha mahali hapo katika kipindi kilichotajwa. Mvua kubwa huleta maji machafu kwenye midomo ya mito, na ni vyema kukaa mbali nayo kwa siku mbili au tatu. Ngurumo ikisikika, toka majini, na usirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Ukiwa umefika

Simama mahali pa juu na utazame kwa dakika ishirini kabla ya kulowa. Mawimbi ya kipindi kirefu huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari inaweza kutulia kwa dakika kumi au zaidi, kiasi cha kumdanganya aliyefika sasa hivi na kuona mawe makavu. Tafuta pia njia nyembamba ambako mawimbi hayavunjiki ilhali pande zote mbili yanavunjika, maji yana rangi ya mchanga na povu linaelekea nje: huo ni mkondo uvutao, nao hupata nguvu zaidi maji yanapopwa na mawimbi yanapokuwa makubwa. Ukikushika, usishindane nao kurudi moja kwa moja. Elea, inua mkono kuomba msaada, au ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke katika njia yake.

Kabla ya kuondoka, andika kando ya tarakimu za kalenda yako ulichokiona: kimo kwa kulinganisha na mtu aliyesimama, saa upepo ulipoinuka, na kiwango cha maji wakati mawimbi yalipokuwa mazuri. Baada ya safari tano au sita utajua, kwa mfano, kwamba mita 1.5 za utabiri kwa sekunde 12 kutoka upande fulani hufika ufukweni kwako zikiwa za kiunoni, na kwamba nusu saa baada ya maji kuanza kujaa fungu la mchanga huacha kuyavunja.