Kufungua Tamthilia ya Muziki Nairobi: Mwongozo kwa Mwigizaji Atokaye Kisumu

Mwigizaji anayesafiri kutoka Kisumu kwenda Nairobi kufungua tamthilia ya muziki huwa amejiandaa kwa mengi: ameshika mistari yake, amezizoea hatua za ngoma, na jamaa zake wote wanaijua tarehe ya onyesho. Jambo ambalo mara nyingi hukosa kuandaliwa ni pumzi. Usiku wangu wa kwanza kwenye jukwaa la jiji hilo, niliishiwa na pumzi katikati ya wimbo wa pili, ukumbi ukiwa umejaa, ilhali wimbo huohuo nilikuwa nimeuimba Kisumu wiki nzima bila taabu yoyote. Sauti ilikuwepo; hewa ndiyo iliyokwisha. Wenzangu wa kiitikio waliuchukua ubeti wa mwisho wakaumaliza, na hadi leo ninawashukuru. Ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo ningependa kuwa nimeelezwa mapema.

Anza na jiografia. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,700. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi zaidi, na kila pumzi hubeba oksijeni pungufu kuliko ile uliyoizoea kando ya ziwa. Mtu anayetembea tu mjini huenda asihisi tofauti, lakini anayecheza ngoma kwa dakika nne, kisha akatakiwa kuishikilia noti ndefu huku amesimama wima akitabasamu, huihisi papo hapo. Ongeza kwamba hewa ya Nairobi ni kavu na baridi zaidi, hasa mwezi wa Julai, nayo hukausha koo ambalo limelelewa na unyevu wa Ziwa Victoria.

Kwa hiyo, mazoezi ya pumzi yaanze wiki sita kabla ya safari, na hapa Kisumu tuna kilima cha kutufaa. Panda Riat alfajiri, kabla malori hayajajaza vumbi na moshi barabarani. Wiki ya kwanza tembea kwa kasi bila kuimba. Wiki ya pili anza kuimba wimbo wako mgumu zaidi, kwa sauti ya wastani, ukiwa unapanda. Usiongeze kasi mpaka uweze kumaliza ubeti mzima bila kukata neno, na ukishaweza, fika juu kisha ucheze hatua za ngoma papo hapo, mapigo ya moyo yakiwa bado juu, halafu uimbe tena. Hali hiyo ya kifua kinachodunda ndiyo utakayokutana nayo jukwaani, na ni heri ukutane nayo kwanza mahali ambapo hakuna aliyelipa kiingilio.

Wakati huohuo, chukua penseli na karatasi ya nyimbo zako uweke alama ndogo juu ya kila mahali utakapovuta hewa. Kiswahili kinadai uangalifu wa pekee katika jambo hili, kwa sababu kitenzi kimoja chaweza kubeba sentensi nzima. Neno kama *nitakapowakumbuka* lina silabi nane, na mwimbaji akilikata katikati ili avute pumzi, msikilizaji hupokea vipande viwili visivyo na maana. Vuta hewa kabla ya kitenzi, kamwe si ndani yake. Angalia pia mkazo: *barabara* yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari, lakini mkazo ukirudi nyuma silabi moja, neno lamaanisha sawasawa. Ukiona mdundo wa wimbo unaangukia silabi isiyostahili, au mtunzi hakukuachia nafasi ya kupumua, mweleze kiongozi wa muziki mapema, kwa adabu na bila kuogopa. Wiki ya kwanza ya mazoezi hilo husahihishwa kwa dakika tano, ilhali wiki ya mwisho halisahihishiki.

Kabla ya kuondoka, lionyesheni igizo lote nyumbani. Marekani, kwa miaka mingi, tamthilia za muziki zilijaribiwa kwanza katika miji kama New Haven, Boston na Philadelphia ndipo zikapelekwa New York, na sioni sababu ya sisi kutofanya vivyo hivyo, iwe katika ukumbi wa Mama Grace Onyango au hata katika ukumbi wa shule. Hadhira hubadilisha pumzi. Watu wakicheka pale usipotarajia, utalazimika kusubiri, na utakuwa umeshajaza kifua kwa mstari ambao bado hauwezi kuusema. Hili huwezi kulijifunza mkiwa wenyewe chumbani.

Safiri siku nne au tano kabla ya ufunguzi, wala si usiku wa kuamkia. Ndani ya basi jifunike shingo, hasa mkipita Mau Summit kwenye baridi ya nyanda za juu, kunywa maji kidogo kidogo, na uepuke kuzungumza juu ya mngurumo wa injini, kwa kuwa safari ya saa saba ya kupaza sauti huchosha koo kuliko onyesho zima. Maji unayokunywa hayapiti kwenye nyuzi za sauti. Huzifikia baadaye kupitia damu, kwa hiyo chupa unayoigugumia dakika tano kabla ya pazia hulainisha kinywa tu.

Ukifika ukumbini, iwe ni Ukumbi wa Kitaifa uliofunguliwa mwaka wa 1952 au mwingine wowote, simama jukwaani viti vikiwa vitupu uimbe mistari michache. Kumbuka mwangwi utakaousikia hautakuwepo usiku wa ufunguzi, kwani miili na nguo za watu hufyonza sauti. Wengi husikia ukumbi umekuwa mzito wakaanza kupiga kelele. Usifanye hivyo, yatumainie maikrofoni. Katika mazoezi ya taa na sauti, ambayo yaweza kuchukua siku nzima huku mkisimamishwa kila baada ya mistari miwili, mwombe mwelekezi ruhusa ya kuimba kwa nusu sauti. Mwelekezi anayeijua kazi yake hatakunyima.

Maleba nayo yanataka neno. Fundi alipokuja kunipima kwa onyesho langu la pili, nilisimama kama tunavyosimama wote mbele ya futi kamba, tumbo ndani na hewa nje. Alikuwa mama wa makamo aliyeshona nguo za kwaya kwa miaka mingi. Aliitoa kamba kifuani mwangu, akanitazama, akasema, "Mwanangu, vuta hewa kama unayetaka kuimba." Nikajaza mbavu. Akapima upya, na tofauti ilizidi upana wa vidole vitatu. Tangu siku hiyo sivai vazi la jukwaani ambalo halikupimwa kifua kikiwa kimejaa, na kabla ya kulikubali ninaliimbia wimbo mzima nikiwa nimelivaa, pamoja na mkanda wenye kisanduku cha maikrofoni kiunoni. Mkanda huo usikaze tumbo. Uteremshe hadi juu ya nyonga.

Usiku wenyewe, fika mapema ule chakula chepesi, muda wa saa tatu kabla ya pazia kufunguliwa. Nusu saa ya mwisho tafuta kona tulivu, weka mrija mdomoni na uvumishe sauti kupitia humo, kutoka noti ya chini hadi ya juu na kurudi, kwa dakika kumi. Zoezi hilo huamsha sauti bila kuiumiza. Hofu itakuja. Huipandisha pumzi mabegani, na anayehisi hivyo hukimbilia kuvuta hewa zaidi juu ya ile ambayo hajaitoa. Fanya kinyume: toa hewa yote polepole mpaka mbavu zishuke, kisha uache mwili ujivutie wenyewe. Jihadhari pia na kasi, kwa kuwa bendi nayo ina hofu, na nyimbo za ufunguzi huelekea kukimbia. Patana na mpiga ngoma mapema kuhusu ishara ya kumtuliza. Mimi huinua kiganja kidogo kando ya paja, naye hushusha.

Makofi yakiisha, wageni watajaa nyuma ya jukwaa na kila mmoja atataka mazungumzo. Wasalimu wazee kwanza, wapokee kwa mikono miwili, kisha uombe radhi uondoke kabla koo halijapoa katika kelele za watu. Kunong'ona hakupumzishi sauti. Nyamaza kabisa hadi asubuhi. Kesho yake fungua karatasi zako za nyimbo, ufute kila alama ya pumzi iliyokusaliti, uandike nyingine mahali pake, na uwe umerudi ukumbini saa kumi jioni kuzijaribu kabla ya onyesho la pili.