Ipangie simu saa ya kupunguza mwanga wa buluu

Kwa wanaotumia simu hadi usiku hapa Goma: ingieni katika mipangilio ya skrini, mtafute kipengele cha mwanga wa usiku, ambacho kwenye simu zilizowekwa Kifaransa mara nyingi huitwa «Éclairage nocturne», kisha mkipangie kijiwashe saa kumi na mbili na nusu jioni na kujizima saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna haja ya kuwasha GPS ili simu ikisie machweo, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na jua letu huzama karibu saa ileile mwaka mzima. Rangi ikielekea manjano, mwanga wa buluu hupungua, nao ndio unaozisisimua zaidi chembe za jichoni zinazouarifu ubongo kwamba bado ni mchana, hata melatonini, homoni ya usiku inayouandaa mwili kulala, ikachelewa kutoka. Rangi peke yake haitoshi: shusheni na mwangaza, tena sana, maana skrini ya manjano inayong'aa bado hukesha nanyi. Hila hii haifui dafu mbele ya taa nyeupe ya sola iliyoning'inizwa juu ya kitanda, wala mbele ya mabishano ya kikundi cha WhatsApp.