Jinsi ya kupeleka lalamiko kwa uongozi wa kazini lisiishie kwenye droo

Nimetoka kumsaidia kijana wa kiwanda kimoja cha chai huku Mufindi kuandika barua kwa meneja wake. Zamu ya usiku wanapangiwa wale wale, saa za ziada hazionekani kwenye mshahara, na supavaiza anatukana watu mbele ya wenzao. Morali imekufa, kila mtu anafanya kazi mradi siku ziende. Njia ni hiyo hiyo kwa wa mbao Mafinga na wa kahawa Mbozi, ila mtumishi wa umma ana taratibu zake nyingine.

Hatua ya 1: Nunua daftari

Kaunta buku, si simu. Simu huibiwa na meseji hufutika. Andika siku hiyo hiyo: tarehe, saa, nani alikuwepo, maneno yenyewe yaliyotamkwa. Na kundi la WhatsApp la wafanyakazi liache kabisa kwa shughuli hii. Mtu wa bosi yumo, hata kama hamumjui.

Hatua ya 2: Geuza manung'uniko yawe madai

"Supavaiza ana roho mbaya" haina jibu. "Mwezi mzima nimepangiwa usiku, wenzangu wawili wa idara hii hawajapangiwa hata mara moja" lazima ijibiwe. Saa za ziada ndizo rahisi kuliko yote, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeshasema: saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, zinazozidi hapo hulipwa angalau mara moja na nusu. Zijumlishe mwenyewe, uweke hesabu. Mwisho taja unachotaka, kwa mfano ratiba ya zamu ibandikwe ubaoni. Barua isiyo na ombi husomwa kama matusi.

Hatua ya 3: Barua ipokelewe, na ionekane imepokelewa

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Katibu muhtasi atakwambia, "Iache hapo mezani, bosi akija nitampa." Usiiache. Miezi ikipita utaambiwa ofisi haijawahi kupata lalamiko lolote, na hutakuwa na cha kuonyesha.

Chapa nakala mbili, zote zisainiwe. Moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri na unaondoka nayo. Kabla hujaondoka, tazama tarehe ya muhuri: ile mihuri ya kuzungusha namba mara nyingi imebaki ya jana, au ya mwezi uliopita. Ikiwa hivyo, aandike tarehe sahihi kwa kalamu pembeni na asaini. Kama kuna viambatisho, andika kwenye barua idadi ya kurasa zake, la sivyo utaambiwa ulileta ukurasa mmoja tu.

Akikataa kugonga, usigombane naye, naye ana bosi. Mwambie, "Dada, siombi ukubali yaliyomo, naomba uandike tu kwamba imefika." Jina, tarehe na sahihi yake vinatosha hata bila muhuri. Bado hataki? Omba iingizwe kwenye kitabu cha dispachi. Nacho akikunyima, rudi na mwenzako, mkabidhi barua mbele yake, kisha nyuma ya nakala yenu mwandike nyote wawili kilichotokea na msaini. Au itume posta kwa rejista, utunze risiti. Mimi napenda rejista kuliko shahidi, kwa sababu shahidi naye ana watoto wa kulisha.

Hatua ya 4: Pitia kwa mwakilishi

Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, TPAWU kwa watu wa mashamba, nakala ifike kwao. Akisaini mwakilishi kwa niaba yenu, hakuna wa kuitwa kinara.

Hatua ya 5: Wakikaa kimya

Nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Iringa wana ofisi, Mbeya pia. Usingoje ahadi ya "tutalishughulikia" mpaka muda ukaisha: ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na aliyeachishwa kazi ana 30 tu. Ukichelewa utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu. Utajaza Fomu Na. 1, na nakala yake lazima mwajiri aipate. Siku ya usuluhishi nenda na daftari lenyewe, si picha zake.